Soma Kizibo Kabla ya Kutoa Fedha: Namna ya Kuyatambua Maguruneti ya Zamani ya Jeshi la Uingereza

Mabibi na mabwana, wakusanyaji wenzetu, nanyi mnaotunza vyumba vya kumbukumbu za vita, shikamooni na karibuni.

Tumeombwa tueleze namna ya kuyatambua maguruneti ya mwanzo ya jeshi la Uingereza na namna ya kuyakusanya bila kupoteza fedha wala vidole. Hoja yetu ni moja. Guruneti ni vipande vilivyofungwa pamoja, na kila kipande kina kiwanda chake, mwaka wake na historia yake. Anayenunua kwa kutazama umbo peke yake huishia na ganda la 1916, leva ya 1942 na pini iliyokatwa juzi kutoka kwenye pete ya funguo. Kwa hiyo leo hatutawaonyesha picha nyingi za maumbo. Tutavipitia vipande, kimoja kimoja.

Kwanza usalama, na hapa hatuna mzaha. Guruneti lolote ambalo hujaliona ndani, lihesabu kuwa lina baruti. Chukua mfano wa Mills, guruneti la Uingereza la tangu 1915 ambalo ndilo wengi wenu mnalolifahamu. Ndani yake springi imebanwa tangu siku lilipofungwa kiwandani. Kinachoizuia isifyatuke ni leva, na kinachoizuia leva ni pini ambayo kwa kweli ni waya tu. Kutu ikishaula huo waya, leva inaachia, kigongeo kinashuka juu ya fataki, na fataki inawasha utambi. Utambi wa miaka 100 huenda umeoza. Huenda pia ni mzima. Tena huenda ukaungua wote kwa mpigo badala ya sekunde zake. Usijaribu kujua ni upi.

Basi ukilikuta guruneti ardhini, au ndani ya sanduku la marehemu babu, usilifungue, usilitikise, usilipige brashi ya waya, usilitie mafuta ya kulainisha hesi, usilibebe kwenye gari kulipeleka kituoni. Weka alama mahali hapo, waondoe watu, ita polisi. Uingereza namba ni 999, na polisi ndio watakaowaita wanajeshi wa kutegua mabomu. Mashamba ya kaskazini mwa Ufaransa na ya Flanders bado yanaibua mabomu kila msimu wa kulima, kiasi kwamba jeshi la Ubelgiji lina kituo cha kuyateketeza huko Poelkapelle, karibu na Ypres. Hayo si ya mtalii kuokota. Kwetu Afrika Mashariki tahadhari ni hiyo hiyo kwa anayetembelea viwanja vya vita vya 1914 hadi 1918: Salaita na Taveta, Tanga, Mahiwa. Na sanduku la babu hatukulitaja kwa utani. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) waliopigana Burma katika Vita vya Pili walitumia Mills Namba 36M (jeshi liliyapa maguruneti namba kwa kila aina), na askari wa kila taifa wana tabia ya kurudi nyumbani na ukumbusho.

Jambo moja zaidi kabla hatujaendelea. Wengi huamini kwamba guruneti lenye tundu lililotobolewa ubavuni, au lililopakwa rangi nyeupe, ni salama moja kwa moja. Ni kweli kwamba yale ya mazoezi yalipakwa nyeupe na kutobolewa. Lakini rangi inauzwa dukani, na keekee anayo kila fundi. Uthibitisho ni kuona ndani kwa macho: chumba cha baruti kitupu, bomba la detoneta (kilipuzi kidogo cha kulipulia baruti) tupu. Na anayefungua ni muuzaji, mbele yako, wala si wewe nyumbani. Akikataa kufungua, akisema hesi zimeshikana, mwachie mali yake na uwaarifu polisi.

Tuanze na makongwe. Jeshi la Uingereza lilipata vikosi vya warushaji maguruneti katika miaka ya 1670. John Evelyn aliwaona kambini Juni 1678 na kuwaandika katika kumbukumbu zake. Silaha yao ilikuwa mpira wa chuma cha kusubu, wazi ndani, wenye kipenyo cha sentimeta 7 hadi 8 hivi, uliojazwa baruti nyeusi na kuzibwa kwa utambi uliomo ndani ya kigogo cha mti. Jeshi la maji liliitumia pia. Meli ya kivita Invincible, iliyozama karibu na Portsmouth mwaka 1758, ilikutwa na maguruneti ambayo vigogo vyake vya utambi bado vilikuwemo.

Mpira wa chuma ni kitu ambacho kila mwenye duka la vitu vya kale anacho, na kila mmoja huuita guruneti. Hapa mizani na kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, vinafanya kazi kuliko macho. Mpira wa chuma cha kusubu wenye kipenyo cha sentimeta 7.6 ambao haukuachwa wazi ndani utakuwa na uzito wa kilo 1.65 hivi. Wenye uwazi ndani na ukuta wa sentimeta 1 utakuwa karibu na kilo 1. Kwa hiyo ukiona muuzaji anadai ni guruneti na mizani inasoma kilo 1.6, hilo ni tufe la kusagia mawe la mgodini, au risasi ya mzinga mdogo, au pambo la uzio. Baada ya uzito, tazama tundu. La karne ya 18 ni laini na limepungua kidogo kuelekea ndani, kwa sababu kigogo kiligongewa humo kama kizibo cha pipa. Ukikuta hesi, umri huo umeshakataliwa.

Hesabu hiyo ya uzito ina mtego mmoja. Chuma cha kusubu kilichokaa baharini kwa karne nzima hupoteza chuma chenyewe na kubaki kama mkaa laini wa penseli, umbo lile lile lakini uzito umepungua sana. Kitu cha namna hiyo kikikauka bila matibabu hupasuka na kumeguka vipande. Hakifai mezani kwa mtu binafsi. Kibaki ndani ya maji, na wapewe wahifadhi wa makumbusho, ambao nao wataanza kwa kuhakikisha hakuna baruti ndani.

Katika karne ya 19 guruneti lilisahauliwa karibu kabisa. Kilicholiamsha ni vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905, hasa kuzingirwa kwa Port Arthur, ambako maofisa wa Uingereza waliotumwa kutazama waliona mabomu ya mkono yakifanya kazi ambayo bunduki haiwezi. Matokeo yake yalikuwa guruneti Namba 1, lililokubaliwa mwaka 1908. Hili ndilo ambalo kila mkusanyaji analitamani na ndilo linaloghushiwa kwa ari kubwa zaidi. Lina mwili wa shaba ya njano, pete ya chuma cha kusubu iliyokatwakatwa migawo, mpini wa henzirani wa inchi 16, yaani sentimeta 40 na ushei, na utepe wa kitambaa ulioning'inia nyuma ili lianguke kwa pua. Halikuwa na utambi wa kuhesabu sekunde. Lililipuka kwa kugonga. Kofia ya juu ilizungushwa, na maandishi juu yake yalionyesha kama iko katika hali ya kusafirishwa au ya kurushwa.

Kasoro yake ilionekana mara tu askari walipoingia mahandakini. Mrushaji aliupeleka mkono nyuma ili apate nguvu, na bomu lenye mpini mrefu likagonga ukuta wa handaki nyuma yake. Ndiyo sababu matoleo ya baadaye yakafupishwa mpini. Kwa mkusanyaji hili lina maana ya moja kwa moja: pima mpini kabla ya kuliita Mk I, yaani toleo la kwanza. Na hata ukipata urefu sahihi, uliza kama henzirani ni ya asili. Mti na kitambaa huoza mapema kuliko shaba, kwa hiyo Namba 1 nyingi zilizopo leo zimevishwa mpini mpya. Hilo halilifanyi kuwa bandia, mradi muuzaji anasema na bei inasema. Henzirani ya zamani ina ukahawia ulioingia hadi kwenye nyuzi zake. Ile iliyopakwa chai au rangi ya viatu huwa nyeupe mara ukichungulia pale mpini unapoingia kwenye mwili.

Mwaka 1914 vita vilipokwama mahandakini, viwanda havikuweza kutoa Namba 1 za kutosha, na askari wakajitengenezea. Kuna bomu la Battye, lililobuniwa na afisa mhandisi wa jina hilo na kusubiwa Béthune. Kuna kibao chenye mpini ambacho Waingereza walikifananisha na brashi ya nywele, na hicho baadaye kikawa Namba 12. Kuna bomu la kopo la jamu, lililotumika sana Gallipoli na ambalo toleo lake la kiwandani lilipewa Namba 8 na Namba 9, jepesi na zito. Kuhusu kopo la jamu tuna ushauri mfupi: usinunue. Bati jembamba halikudumu, na kopo la zamani pamoja na kipande cha kamba vinatosha kumtengenezea mgeni historia mezani. Labda liwe na hati za familia zinazokwenda nyuma hadi kwa askari mwenyewe, basi tuzungumze.

Namba 15 inahitaji dakika moja zaidi kwa sababu inachanganywa na yale ya kale. Ni mpira wa chuma cha kusubu wa kipenyo cha inchi 3, uliofananishwa na mpira wa kriketi. Uliwashwa kwa namna ya kiberiti: ncha ya utambi ilikuwa na dawa, na askari alivaa mkononi kipande cha kuikwaruzia. Tarehe 25 Septemba 1915, siku ya kwanza ya vita vya Loos, mvua ilinyesha, vikwaruzio vikalowa, na askari wakabaki na mipira ya chuma isiyowaka. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba bomu la mkono linapaswa kujiwasha lenyewe.

Na hapo tunafika kwa William Mills wa Birmingham. Kabla ya vita alikuwa akisubu alumini, pamoja na vichwa vya fimbo za gofu, na ujuzi huo wa kusubu ndio uliomfaa. Hakuanza bila kitu. Kapteni Mbelgiji aitwaye Roland alikuwa tayari na bomu lenye wazo linalokaribiana, na mabishano juu ya haki yalifuata. Mwaka 1915 Mills Namba 5 likaingia jeshini. Ukiishika ya maonyesho, iliyothibitishwa kuwa tupu, vipande vyake ni hivi: ganda la chuma cha kusubu lenye mifereji, masikio mawili juu yanayoishika leva, bomba la kati linalobeba kigongeo na springi yake, kizibo kidogo begani, ambako baruti ilijazwa, leva, pini yenye pete, na chini kabisa kizibo cha kitako, ambako detoneta iliingizwa kabla ya kwenda mstari wa mbele.

Kizibo cha kitako ndicho cheti cha kuzaliwa. Juu yake kuna namba ya guruneti, toleo, jina au herufi za kiwanda, na mara nyingi mwezi na mwaka. Vilitengenezwa kwa shaba ya njano, kwa alumini, kwa chuma, na baadaye kwa mchanganyiko wa zinki. Tatizo ni kwamba hufunguka kwa spana na kuhamishwa. Mtu mwenye ganda lililookotwa lisilo na kizibo hutafuta kizibo chochote kinachoingia, hukikaza, na kesho mnaliona sokoni na tarehe ya 1915. Kwa hiyo kizibo lazima kikubaliane na ganda, na hapa kuna tofauti tatu ambazo kila mkusanyaji anapaswa kuzikariri.

Namba 5 ni la mkono tu. Kitako chake ni chembamba na kizibo hakina tundu la hesi katikati. Namba 23 lilikuja mwaka 1916 ili liweze kurushwa pia kwa bunduki. Kizibo chake kina tundu la hesi katikati, ambamo ufito wa chuma ulisokomezwa. Ufito ukaingia mdomo wa bunduki na risasi isiyo na kichwa ikausukuma. Ufito huo uliharibu mitutu, ukaivimbisha na kuipasua. Namba 23 Mk III ilipata ganda jipya lenye kitako kipana zaidi. Ganda hilo hilo likarithiwa na Namba 36, ambalo liliachana na ufito na badala yake likafungiwa bamba la duara kitakoni na kurushwa kutoka kikombe cha inchi 2.5 kilichovishwa kwenye mdomo wa bunduki. Kwa hiyo ukiona kitako kipana chenye kizibo kilichoandikwa Namba 5, kuna mtu amefanya kazi ya kubahatisha, maana kizibo cha Namba 5 hakitoshi pale bila kuongezewa kitu.

Upande wa pili wa makosa ni wa kawaida zaidi: ganda la Namba 5 la kweli, kizibo cha Namba 5 cha kweli, na leva ya Namba 36. Leva zilipatikana kwa maelfu baada ya Vita vya Pili. Weka leva mbili sambamba, ya Namba 5 iliyothibitishwa na ile unayouziwa, utazame zinavyopinda begani na zinavyokaa katika masikio. Leva isiyo yake huacha nafasi upande mmoja au husimama juu kidogo ya ganda.

Kuna herufi moja inayoongeza bei bila sababu, M. Namba 36M ni lile lililozibwa kwa shelaki, aina ya vanishi, ili unyevu na joto visiharibu baruti, na M ni ya Mesopotamia, Iraq ya leo. Watu huuziwa 36M kwa maneno kwamba lilikuwa Iraq na Wahindi wa jeshi la Uingereza mwaka 1918. Huenda. Lakini Namba 36 ya kawaida iliondolewa kazini mwaka 1932, ikabaki 36M peke yake, ambayo ilitumika jeshini hadi 1972 na ilitengenezwa pia India, Australia na Canada. Nyingi mno ni za Vita vya Pili. Tarehe ya kizibo ndiyo itakayosema, si herufi.

Rangi nazo zina lugha yake. Pete ya kijani tumboni ilihusu kujazwa baruti iitwayo amatoli, na baadaye ile ya baratoli. Ya waridi ilihusu baruti ya amonali. Muuzaji mjanja anajua mkusanyaji anapenda pete hizo, hivyo huzipaka. Tumia kioo cha kukuzia: rangi ya kiwandani iko chini ya uchafu na imekwaruzika juu ya migongo ya ganda, ikabaki ndani ya mifereji. Rangi ya juzi iko juu ya kutu.

Kuhusu nakala, sumaku ni kifaa cha bei rahisi kuliko vyote. Ganda la Mills ni chuma cha kusubu, lazima sumaku ishike. Za resini na za alumini zinakataa papo hapo. Nakala zilizosubiwa kwa chuma ni ngumu zaidi. Aliyeighushi amebonyeza ganda la kweli kwenye mchanga kisha akamimina, na chuma cha kusubu hupungua karibu asilimia 1 kinapopoa. Ganda la kweli lina urefu wa milimita 95 na kipenyo cha milimita 61 hivi. Nakala itapungukiwa karibu milimita 1 kwa urefu, na kona za mifereji yake zitakuwa butu. Pima mara kadhaa, maana kutu nayo inaongeza unene. Herufi zilizogongwa kwa chapa zina kingo kali na chini yake ni tambarare. Zilizosubiwa pamoja na kizibo zina kingo za mviringo kama zimelambwa.

Kuna pia kosa lisilo la udanganyifu: guruneti la Marekani Mk II kuitwa Mills. Yote mawili yana mifereji, basi. Lakini la Marekani kichwa chake chote cha kuwashia huingizwa kwa hesi kutokea juu, na leva imeshikwa na kichwa hicho. Mills leva yake inashikwa na masikio yaliyosubiwa pamoja na ganda. Vivyo hivyo Namba 34, lile dogo la umbo la yai la mwishoni mwa vita, huchanganywa na yai la Kijerumani. Anza kwa kutazama kichwa cha kuwashia kabla hujatazama umbo.

Utunzaji ni rahisi ukijizuia mikono. Usipige brashi ya waya wala msasa, maana unafuta shelaki na rangi ambazo ndizo thamani. Vumbi liondoke kwa brashi laini, kisha nta ya kuhifadhia ya aina ya maikrokristali, tabaka jembamba. Vizibo vya zinki huvimba na kupasuka vyenyewe. Vikianza, vitenge na uviweke kwenye kabati kavu. Vitu vilivyotoka ardhini viwe peke yake, kwa sababu chumvi iliyomo huendelea kukila chuma miaka mingi.

Andika kila kipande kwa kadi yake: urefu, kipenyo, uzito, chapa zote kama zilivyo hata usizozielewa, picha ya ndani ikiwa wazi, aliyekuuzia na tarehe. Andika pia kipi kimebadilishwa. Kwenye familia ya mkusanyaji aliyefariki, kadi hiyo ndiyo itakayomwambia mjane kama aite polisi au la.

Sheria. Uingereza ganda tupu lililothibitishwa linaruhusiwa kumilikiwa na mtu binafsi, lenye baruti haliruhusiwi. Kenya na Tanzania usijaribu kulinganisha. Lenye baruti ni kosa kubwa, na hata kwa ganda tupu pata majibu ya polisi kwa maandishi kabla ya kuagiza, kisha uiweke barua hiyo pamoja na kadi. Na kwa vyovyote usilitie kwenye begi la ndege, la mkononi wala la chini. Mashine ya uwanja wa ndege haioni Namba 5 ya 1915, inaona bomu, na jengo zima litatolewa nje kwa ajili yako.

Mezani hapa kuna trei tatu za vizibo bila maganda yake, na kalipa nne. Gawanyikeni watu watatu watatu, mvitenganishe vya Namba 5, 23 na 36 kwa kupima na kutazama katikati, huku maandishi mkiyafunika kwa kidole kwanza.